Kruza ya bei ndogo unailipa mara ngapi?

Ndugu na dada zangu wa chama, kila mara mmoja wetu akipata kontra yake ya kwanza, miezi mitatu haipiti tunaanza kuona picha ileile kwenye simu: pikipiki ndefu, tanki la mviringo kama tone la maji, siti ya chini, usukani wa juu, krome inang'aa. Chini ya picha, swali: "Wakubwa, nilikuwa nafikiri kuanza na hii, munasema nini?" Majibu yanakuja mengi, mioyo na vidole gumba, lakini hakuna anayejibu swali lenyewe. Leo najaribu kulijibu, kwa sababu mwaka uliopita ni mimi nilituma ile picha.

Aina hiyo ya pikipiki inaitwa kruza. Katalogi za Kifaransa zinaiita kastomu. Nitasema wazi tangu mwanzo: kwa wengi wetu hapa Lubumbashi na kandokando, kruza kama pikipiki ya kwanza, tena kwa mfuko mdogo, ni ununuzi mubaya. Si kwamba mashine ni mbaya. Mashine ilitengenezwa kwa barabara nyingine, na sisi hatuitaki kwa sababu ya barabara. Tunaitaka ili tusifanane na motari.

Wacha nianze na hiyo aibu, maana njo mzizi. Nilipomaliza licence ya kilimo nilipata kazi ya kufuata vikundi vya wakulima wa mahindi, na miezi ya kwanza nilikuwa natumia Boxer ya kuazima. Siku moja nilisimama kidogo Katuba, karibu na soko, nijibu simu. Mama mmoja akaja na kapu lake, akapanda nyuma bila kuniuliza, akasema: "Papa, mpaka Kenya ni ngapi?" Nilimwambia mimi si motari. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwa, akashuka polepole, kama mtu aliyedanganywa. Usiku ule nilianza kutafuta kruza kwenye simu. Kwenye kruza, nilijisemea, hakuna mama atakayeniuliza bei.

Bon. Sasa tuiangalie hii mashine jinsi inavyostahili, bila mapenzi na bila wivu.

Kruza ni mtoto wa Marekani. Harley-Davidson ilianza Milwaukee mwaka 1903, Indian miaka miwili kabla yake, na umbo tunalolijua leo lilikomaa katika nchi yenye barabara pana zinazonyooka saa nzima bila kona. Kila kitu ndani yake kinajibu barabara hiyo. Miguu ya mbele inayoshika gurudumu imelazwa, si wima, ili pikipiki ishike mstari wake bila dereva kupigana nayo. Umbali kati ya magurudumu mawili ni mrefu, kwa sababu hiyohiyo. Injini ina nguvu chini, inavuta taratibu, haitaki kulia. Siti iko chini, vikanyagio viko mbele, unaketi kama mzee kwenye kiti chake cha barazani. Kwa safari ya kilomita 300 za lami safi, sijui umbo lingine la pikipiki linalopumzisha mtu hivyo.

Halafu sinema ikaja. Mwaka 1969 ilitoka Easy Rider, filamu ya vijana wawili wanaovuka Marekani kutoka Los Angeles kwenda New Orleans juu ya Harley zilizorefushwa mbele. Waigizaji wake, Peter Fonda na Dennis Hopper, walijulikana dunia nzima. Lakini zile pikipiki, ambazo picha yake iko mpaka leo kwenye ma-t-shirt yanayouzwa sokoni, zilitokana na kazi ya Wamarekani weusi wawili wa Los Angeles, Clifford Vaughs na Ben Hardy. Majina yao hayakuandikwa kwenye filamu, na miaka mingi ilipita kabla watu wengi hawajayajua. Ninalitaja hili kwa sababu picha za simu zetu zinafanya vilevile. Zinaonyesha anayeketi juu. Fundi, garaji, na mahali kipuri kilitoka, hivyo haviingii kwenye picha. Na mwenye mfuko mdogo, maisha yake na pikipiki yatapitia zaidi kwa fundi kuliko kwa mpiga picha.

Tuwe wa haki: kuna sifa moja ya kruza inayomfaa kabisa mtu anayeanza, nayo ni siti. Bajaj Avenger 220 ya Uhindi ina siti ya mm 737 kutoka chini. Royal Enfield Meteor 350, iliyotoka mwaka 2020, ina mm 765. Honda Rebel 500 ina mm 690 tu. Maana yake hata mtu mufupi anakanyaga chini kwa nyayo mbili nzima anaposimama. Wanaoanza hawaangukii sana kwenye mwendo mkali. Wanaanguka wakisimama, wakigeuza, wakipita kwenye mchanga polepole. Dada wengi wa chama chetu waliniambia wanaogopa pikipiki kwa sababu hawafiki chini. Kwa hao, siti ya chini si urembo, ni usalama. Anayesema kruza ni ya kujionyesha tu hajawahi kuwa na urefu wa mita moja na nusu.

Lakini uzito unarudisha nyuma nusu ya faida hiyo. Avenger 220 ina kilo 163. Meteor 350 na Rebel 500 zote zinacheza kwenye 191. Harley ndogo kama Iron 883 inafika 256. Ikilala kwenye matope upande wa Kasenga, wewe peke yako, utaisimamishaje? Jibu swali hilo kabla ya kuuliza rangi.

Na uzito si shida kubwa. Shida kubwa ni tumbo na miguu, na hiyo niliijifunza kwa gharama ya mtu mwingine.

Yaya mmoja wa kwetu alikuwa na kruza ya Kijapani, cc 250, silinda mbili, iliyokuja mitumba kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Alinisikia nikisifu, akanipa ufunguo siku ya mungu: "Enda uijaribu, halafu utaniambia." Nilishika RN1 kuelekea Likasi asubuhi mapema, kabla ya malori ya shaba kujaa. Wenzangu, sitadanganya. Ilikuwa tamu. Injini inaguna chini, upepo wa baridi kifuani, mikono imetulia. Kwa dakika arobaini nilikuwa mtu mwingine. Kama kazi yangu ingekuwa kwenda na kurudi kwenye lami hiyo, makala haya yangekuwa ya kusifu.

Kisha nikakumbuka kikundi kimoja cha wakulima, kilomita kama kumi na moja nje ya lami, nikafikiri niwasalimie. Yaani, nionekane.

Kwenye Boxer, ukiona shimo, unafanya nini? Unanyanyuka kidogo juu ya vikanyagio, magoti yanameza pigo, pikipiki inacheza chini yako. Kila motari anafanya hivyo bila kufikiri. Kwenye kruza vikanyagio viko mbele ya mwili, huwezi kusimama. Jaribu kunyanyuka kwenye kiti miguu ikiwa imenyooshwa mbele, utaelewa. Kwa hiyo kila shimo linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Amortisa za nyuma ni fupi, maana siti ya chini inalipiwa mahali fulani, na inalipiwa hapo. Miguu ya mbele iliyolazwa, ile iliyonishikia mstari kwenye lami, sasa ilikuwa nzito kugeuza kati ya shimo na shimo. Nilitumia nusu saa kwa njia ambayo kwa Boxer ni dakika kumi na tano.

Mbele ya shule ya kijiji watoto walikuwa wamejenga dodane la udongo. Nilipita polepole kabisa. Gurudumu la mbele lilipanda, likashuka, na tumbo likakaa juu ya dodane kama mbuzi juu ya ukuta. Nikasukuma kwa miguu. Sauti niliyoisikia siwezi kuiandika. Ekzosi ilikuwa imekunjwa, na boliti moja iliyoishika imekatika.

Sio kosa la aliyeitengeneza. Nafasi kati ya ardhi na tumbo la kruza nyingi ni ndogo kwa makusudi: Avenger na Meteor, ambazo Wahindi walizifikiria kwa barabara zao wenyewe, zina mm 170 hivi, nyingi za Kijapani na za Kimarekani haziifikii hata 150. Sentimita mbili ao tatu hizo, kwenye karatasi ni kitu bure. Kwenye dodane la watoto wa shule, njo kila kitu.

Jumatatu nilipeleka pikipiki kwa fundi. Aliizunguka mara mbili, akasema: "Injeniere, hii iko kintu ya kupiga foto. Kipuri yake nitakitosha wapi?" Alichomelea alivyoweza. Yaya hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Kipuri chenyewe kilichukua wiki saba kufika, na nililipia mimi, kutoka kwenye pesa niliyokuwa naweka kwa kununua yangu.

Hapo nikafanya kile ningepaswa kufanya mwanzo: nilizunguka maduka ya vipuri kabla ya kuzunguka maduka ya pikipiki. Niliuliza kitu kimoja tu, tairi la nyuma. Honda Rebel 250, Yamaha Virago 250 na Bajaj Avenger 220, kruza tatu ambazo mwenye mfuko mdogo anaweza kukutana nazo, zote zinatumia nyuma kipimo kimoja: 130/90-15. Pikipiki za motari zinatumia inchi 17 ao 18, nyembamba, na hizo zinaning'inia kila kona kama ndizi. Ya 15, kwa siku mbili nzima, sikuikuta hata moja. "Tunaweza kuagiza," ndivyo walivyojibu wote. Kuagiza maana yake pikipiki inalala, na wewe unalipa motari akupeleke kazini. Yule yule motari uliyekataa kufanana naye.

Sisi wa kilimo tulifundishwa kwamba mbegu haina ubora peke yake; ina ubora kwenye udongo fulani, na mvua fulani, na mbolea inayofika kwa wakati. Mkulima akipanda mahindi chotara pasipo mbolea kufika, halafu asivune, hatusemi mbegu ni ya uongo, wala hatusemi mkulima ni mjinga. Tunauliza nani alimshauri. Hivyo tujiulize tunapobonyeza moyo chini ya picha ya mwenzetu anayetaka kutoa akiba ya mwaka mzima.

Sasa hukumu yangu, aina kwa aina.

Kruza kubwa, cc 600 na kuendelea, mitumba, bei ya kushangaza: acha. Bei iko chini kwa sababu aliyekuwa nayo amechoka kutafuta vipuri. Wewe utaanzia pale yeye alipochoka.

Kruza ya Kijapani ya cc 250, mitumba: injini zake ni nzuri, za kudumu. Rebel 250 ilianza mwaka 1985, na mashine isiyofaa haikai sokoni miaka hiyo yote. Inafaa kama unaishi na kufanya kazi kwenye lami, na unanunua tairi la pili na kebo za akiba siku hiyohiyo unayonunua pikipiki. Bila hivyo, acha.

Ya Kihindi, kama Avenger: kati ya zote hizi njo yenye akili zaidi kwa nchi kama yetu, kwa sababu ya ile nafasi ya chini na injini ya silinda moja ambayo fundi wa kawaida anaisoma. Tatizo ni lilelile la tairi, na kwamba jina la Bajaj kwenye tanki halimaanishi kipuri cha Boxer kinaingia. Usikubali muuzaji akuambie "vyote ni Bajaj".

Ya nne tunaidharau, na nilikuwa naidharau mimi pia: kruza ya Kichina yenye injini ya cc 125 ao 150. Wengi wanacheka, eti mwili wa Harley, moyo wa motari. Lakini fikiri. Injini nyingi za aina hiyo ni wajukuu wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, na iliyofikiriwa hasa kwa nchi ambako mtu anatumia pikipiki vibaya na kuihudumia kwa nadra. Fundi yeyote chini ya mti anaifungua macho yakiwa yamefumba. Haitakupeleka Kolwezi kwa fahari, krome yake itakula kutu mvua mbili tatu, na tumbo bado liko chini. Ila siku ikikataa kuwaka, utapata msaada umbali wa mita 200. Kwa dada mufupi anayefanya kazi mjini, mwenye mfuko mdogo, hii njo ningemshauri kabla ya zote, na ningemwambia afunge masikio.

Yoyote utakayoichagua, kuna mambo ninayoomba uyafanye kabla ya kutoa dola moja. Fika ukute injini ya baridi. Ukikuta imeshawashwa, rudi kesho. Piga goti, angalia chini ya tumbo: mikwaruzo na alama za kuchomelea zinasema zaidi ya muuzaji. Soma namba nne kwenye ubavu wa tairi, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la miaka kumi linang'aa lakini limekufa. Linganisha namba ya shasi na ile ya karatasi ya forodha, tarakimu kwa tarakimu, maana karatasi ikikosewa utailipa kila barrière mpaka uchoke. Na ukiwa na dola 1.500 kama mimi nilivyokuwa nazo, usinunue pikipiki ya 1.500. Theluthi moja ni ya plaki, asiransi, perimi, kofia ya kweli na matengenezo ya miezi ya kwanza. Anayetoa zote siku ya kwanza ataendesha bila kofia, na tumeshazika wenzetu kwa hilo.

Najua jibu la wengine: "Kwa hiyo licencié hana haki ya kitu kizuri?" Anayo. Mimi mwenyewe sijaacha kuitaka. Yaya akipita na yake, sasa imetengenezeka, ninageuka mpaka inapotelea kwenye kona. Kutaka kitu kizuri si dhambi. Ninachokataa ni kulipa akiba yangu yote ili mama wa sokoni asinikosee.

Nilinunua Boxer ya mkono wa pili. Kazi inaendelea, msimu huu nimefika kwenye vikundi vyote hata mvua ya Februari, na haijalala garajini zaidi ya siku moja. Sikubadilisha rangi, sikubandika kitu juu yake cha kuonyesha kwamba nilisoma.

Wiki iliyopita nilisimama tena Katuba, karibu palepale. Mama mwingine, kapu lingine. "Papa, mpaka Kenya ni ngapi?" Nikamwambia: mama, mimi si motari. Akasema: "Kama hauko motari, unaenda wapi?"

Nilikuwa naenda Kenya. Nikampa kofia ya pili, akapanda.